Vigae vya Nassir na Minazi ya Abdulrahim

Watu wa Bongwe, sogezeni viti, na mwenye sikio zito akae mbele. Habari hii ni ya nyumba moja ya hapa hapa, na wengi wenu mlikuwa mkipita mbele yake kila mlipokwenda Ukunda. Hatuisimulii kwa kusengenya, maana kusengenya ni dhambi. Tunaisimulia kwa faida ya umma, jambo ambalo, mkipenda, ni tofauti kidogo.

Kila siku baada ya sala ya alasiri, wanaume wa mtaa walikuwa wakikusanyika kwenye baraza la Abdulrahim. Lilikuwa baraza la saruji iliyopasuka, lililopakwa chokaa mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Lakini lilikuwa na kivuli, na Kombe muuza kahawa alikuwa akilitua dele lake hapo na kugonganisha vikombe, na mazungumzo yakishika moto hapakuwa na serikali iliyosalimika. Abdulrahim alikaa pembeni, mgongo kwenye mlango wake, kama mwenyekiti ambaye hakuna aliyempigia kura na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Alikuwa mtu wa minazi. Marehemu babake alimwachia shamba dogo nyuma ya nyumba, na usia mmoja: mamake, Bi Maimuna, anywe madafu ya minazi ile hadi siku atakayoitwa. Mmoja katika minazi hiyo ulipandwa mahali kilipozikwa kitovu cha Abdulrahim mwenyewe, kama ilivyo desturi yetu. Kila Ijumaa aliukwea huo, akamwangulia mamake dafu. Mengine aliyapeleka kwenye hoteli za Diani. Mkewe, Mwanasha, alikuwa akinunua samaki mnadani Msambweni na kuwakaanga mbele ya nyumba. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wakishiba, na hilo si jambo dogo.

Amani hiyo ilivunjwa na vigae.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Nassir, fundi wa kukarabati katika hoteli moja ya ufuoni. Siku moja Nassir alirudi nyumbani na mkokoteni umejaa vigae vyeupe vyenye maua ya buluu. Akachanganya saruji, akapiga magoti, na Ijumaa ilipofika baraza lake lilikuwa likimetameta hivi kwamba mgeni mmoja kutoka Mkongani alivua viatu kabla ya kupita.

Mtu wa kwanza kuhama alisema anaonja ubaridi tu. Wa pili alisema anamfuata wa kwanza, wamekatiza mazungumzo. Kombe hana chama wala upande. Huenda penye makoo makavu. Alilinyanyua dele lake, akavuka hatua chache, akalitua kwenye maua ya buluu.

Abdulrahim alibaki na kuku.

Sasa, ndugu zangu, wivu una masikio makali kuliko popo. Abdulrahim aliketi peke yake akijifanya anasuka kamba, na kila vikombe vilipogongana ng'ambo ya ukuta alijua ni nani anayekunywa. Aliomba mvua inyeshe, watu watawanyike. Mvua ikanyesha, vigae vikaoshwa, vikang'aa maradufu. Akaomba kimoja kipasuke. Kila alfajiri akienda msikitini alipita akiviangalia kwa jicho la pembeni, kama daktari anayetafuta upele kwenye mwili wa mtu mzima wa afya.

Ndani ya nyumba nako hakukuwa na nafuu.

"Zainabu anasema vigae havishiki vumbi," Mwanasha alisema huku akiparura samaki. Zainabu ni mkewe Nassir. "Anapitisha kitambaa mara moja, basi."

"Zainabu anasema mengi."

"Nimekwambia tu, Baba Hanifa."

"Umeniambia tangu Jumatatu."

Hatimaye alishindwa kuvumilia. Alimkuta Nassir amesimama nje, akasalimiana naye kama kawaida, akauliza habari za watoto na za mgongo, kisha akasema kana kwamba limemjia sasa hivi, "Vigae vizuri. Vimekugharimu sana?"

Nassir alitazama chini. Baadaye mtajua kwa nini. Akakohoa, akajishika kifua, akasema, "Riziki tu, jirani. Siku hizi riziki iko kwenye simu."

Maneno hayo yalikuwa uongo mdogo, wa kukwepa swali. Lakini uongo mdogo ni kama mbegu ya mpapai: hujui kama umeitema hadi uuone mti.

Abdulrahim aliingia ndani, akafunga mlango, akaandika kwenye simu yake maneno haya: *riziki kwenye simu*. Simu ikampa zaidi ya alivyoomba. Ikamletea kijana mmoja aliyejiita Daktari Hisa, mwenye miwani myeusi, ameegemea gari jekundu ambalo katika video zake zote hakuna aliyemwona akilifungua mlango. Daktari huyu alikuwa na kundi lake la simu, jina lake Wateule, na humo alikuwa akitoa dawa moja kwa wagonjwa wote: hisa za kampuni ya ng'ambo inayoitwa Tarvik Madini.

"Wateule wangu," alisema, "hii kampuni imegusa dhahabu, na wakubwa bado hawajui. Leo hisa moja haifiki hata bei ya kaimati. Ni kaimati leo, kesho ni ng'ombe. Na msimwambie jirani. Jirani ndiye adui wa riziki."

Abdulrahim aliirudia sehemu hiyo ya jirani mara kadhaa. Alihisi kijana huyu ni mtu wa hekima, na kwamba bila shaka naye ana ukuta mmoja na mtu kama Nassir.

Fikirini pia jinsi ilivyomwingia. Sisi watu wa pwani tumelelewa kuificha neema. Mtoto mzuri anapakwa wanja kwenye paji la uso asionekane mzuri sana. Ukiulizwa biashara inaendaje, unasema tunasukuma tu, hata kama unasukuma mfuko mzima wa noti. Tunaogopa kijicho. Basi tapeli akitwambia nyamaza, hatusikii tapeli. Tunasikia sauti ya bibi zetu. Daktari Hisa hakuwahi kukanyaga Kwale, lakini alipata mlango uliokwisha kufunguliwa kutoka ndani.

Hisa zinanunuliwa kwa fedha, na fedha Abdulrahim hakuwa nazo. Alikuwa na minazi.

Kwetu minazi huwekwa rehani bila kuuza ardhi. Mwenye fedha anatoa fedha zake, anaangua nazi hadi alipwe, na siku ya ahadi ikipita bila malipo, minazi inakuwa yake. Ni jambo la zamani, na lina adabu yake: jamaa na jirani huitwa kushuhudia, ili mwenye uwezo aseme, "Ngoja, nitaikomboa mimi, isitoke mikononi mwetu." Abdulrahim aliifahamu adabu hiyo. Lakini kumwita Nassir ashuhudie? Nassir ajue? Afadhali kumwita nyoka apime mayai. Alikwenda Ukunda kwa Mzee Shutu, mnunuzi wa nazi, na mashahidi wakawa watu wawili aliowakuta kwenye ghala, wanaomjua kama wanavyomjua mfalme wa Uchina. Ahadi iliwekwa kuwa Idi ya kuchinja.

Alitia sahihi minazi yote. Ule wa kitovu chake pia.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu, na hapo ndipo pabaya. Kila alipoifungua programu ile ya hisa, nambari zilikuwa za kijani na zimepanda. Aliitazama simu akila, akitembea, hata msikitini, baina ya adhana na ikama. Kwenye kundi Wateule walikuwa wakishangilia asubuhi na jioni. Mmoja alisema amenunua nyumba. Mwingine alisema amemwacha bosi wake mdomo wazi. Hapakuwa na hata mmoja aliyesema ameuza, na Abdulrahim hakujiuliza mtu amenunuaje nyumba kwa kitu ambacho hajakiuza.

Mwanasha alijua kuna jambo. Mume aliyekuwa akinung'unikia bei ya mafuta sasa alikuwa akiimba bafuni.

"Nimeweka akiba yangu kwenye hisa," alimwambia hatimaye, bila kutaja minazi. "Kampuni ya dhahabu."

"Iko wapi kampuni yenyewe?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ya wapi? Hata Mombasa ni ng'ambo, ukisimama Likoni."

"Huko kwa wenyewe, Mama Hanifa. Hutapajua."

"Na wewe unapajua?"

Abdulrahim aliitazama simu yake. Mwanasha akageuza samaki kwenye karai, akasema taratibu, "Pale mnadani Msambweni kuna muuzaji anaitwa Fondo. Akiwa na changu aliyelala, jicho limeshaingia ukungu, anawaleta binamu zake wawili. Mmoja anataja bei, mwingine anaongeza. Mgeni anaona changu anagombewa, naye anapandisha bei. Ghafla binamu wananyamaza. Mgeni ndiye mwenye samaki. Sasa niambie, kwenye kundi lenu, nani ananunua na nani ni binamu?"

"Hisa si samaki. Hazinuki."

"Ndilo ninaloliogopa. Samaki akioza nitajua."

Maneno ya dhahabu, na yalitoka bure. Lakini mtu akila wivu, haonji kingine.

Abdulrahim alianza kupanda cheo. Hakusema lolote, la hasha, alionyesha tu. Alinunua kofia mpya ya kutarizi. Akamwita Kombe kutoka ng'ambo ya vigae na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha bodaboda, "Kahawa ya leo, ya kila mtu, iko juu yangu." Na kesho yake vilevile. Kahawa ya bure ina ubaridi kuliko kigae chochote, na watu wakarudi kwenye saruji iliyopasuka. Nassir akabaki na maua yake ya buluu.

Abdulrahim alikaa pembeni mwake tena, mgongo mlangoni, na kikombe kikagongana na kikombe. Alikiri moyoni kwamba hakuwahi kunywa kahawa tamu kama ile, ingawa ilikuwa chungu kama kawaida na yeye ndiye aliyeilipia.

Siku moja Nassir mwenyewe alikuja, akaketi karibu naye. Simu ya Abdulrahim ilikuwa wazi pajani. Nassir aliinamisha shingo kidogo, akaona kijani, akasema, "Simu yako ina kioo kizuri."

Hakusema mashallah, neno la kuzuia kijicho.

Abdulrahim aliizima simu haraka, lakini neno lilikuwa limetoka. Usingizi ulimruka. Katika siku zilizofuata alifurahi kumwona Nassir akienda kazini Diani kwa miguu. Pikipiki yake haikuonekana tena.

"Pikipiki iko wapi, jirani?" aliuliza kwa huruma ya kununua.

"Daktari kaniambia nifanye mazoezi," Nassir alijibu.

"Afya ni mali," alisema Abdulrahim, na moyoni akasema, umeanza kufilisika, alhamdulillahi. Tunalitaja hili bila kuongeza chumvi, ili mjue wivu unamfikisha mtu wapi: anamshukuru Mungu kwa kuchoka kwa miguu ya jirani.

Kisha kijani ikawa nyekundu.

Ilianza kidogo, ikazidi. Mtu mwingine angejiuliza, nani anauza? Daktari Hisa aliyekuwa na mzigo mkubwa wa hisa tangu zilipokuwa hazina bei, je, bado anao? Abdulrahim hakujiuliza hayo. Alijua sababu. Alikuwa ameishuhudia kwa macho yake, ikiinamisha shingo na kusema simu ina kioo kizuri.

"Mwanasha, lete chetezo."

"Kuna mgonjwa?"

"Simu."

Mwanasha alimtazama mumewe kitambo, lakini alilelewa vizuri. Akaleta chetezo, makaa na ubani. Abdulrahim akaishika simu juu ya moshi, akaizungusha mara kwa mara kama anayebanika muhogo, huku akisoma alizojua. Kwenye kundi, Daktari Hisa alikuwa ameandika: "Wenye imani hawauzi. Wanaowaambia muuze ni wenye wivu." Abdulrahim aliona maneno hayo yamemshukia yeye. Akaifunga simu kwenye kitambaa cheupe, akaiweka juu ya kabati, akaamua asiifungue hadi jicho litoke. Wakati huo huo, mahali fulani, watu wenye akili zaidi yake au roho mbaya zaidi yake walikuwa wakiuza kila walichonacho.

Alimwomba Mwanasha mtaji wa samaki aongezee hisa wakati ziko chini. Mwanasha alisema umekwisha. Haukuwa umekwisha. Ulikuwa ndani ya mtungi wa chumvi, na ndio uliowalisha baadaye.

Ukafika msimu wa kuangua.

Asubuhi, jua limeshapanda, Bi Maimuna alitoka nyuma ya nyumba na mwiko wa uji mkononi, akaona miguu ya watu asiowajua ikining'inia kwenye minazi ya marehemu mumewe. Nazi zilikuwa zikianguka, pu, pu. Bi kizee yule ana sauti ambayo muadhini angeitamani. Aliita wezi, na mtaa mzima ukasikia.

Wa kwanza kufika alikuwa Nassir, kandambili mguu mmoja, panga mkononi. Alisimama chini ya mnazi wa kitovu cha Abdulrahim na kumwambia mkwezi aliye juu, "Shuka polepole, bwana. Ukishuka haraka tutaelewana vibaya."

Abdulrahim alifika nyuma yake, na Mwanasha, na Kombe na dele lake. Halafu gari la Mzee Shutu likasimama njiani, na mwenyewe akashuka, kanzu safi, hana haraka.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

"Marahaba. Waambie vijana wako washuke kwenye mali ya watu."

"Bi mkubwa, nakuheshimu. Lakini mali hii iko kwangu rehani. Mwanao hajakwambia?"

Bi Maimuna alimgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Na huu pia?" aliuliza, akiuonyesha kwa mwiko mnazi aliosimama chini yake Nassir. "Nilikizika kitovu chako hapa kwa mikono yangu. Na huu pia?"

"Mama, fedha ninazo," Abdulrahim alisema. "Ziko kwenye simu. Naikomboa leo leo, mbele yenu wote."

Alikimbia ndani, akaiteremsha simu kabatini, akarudi nayo ikinuka ubani. Watu wakamzunguka. Aliifungua programu. Nambari ilikuwa ndogo kuliko alivyoiacha, lakini ilikuwapo. Akabonyeza kuuza. Wakangoja. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwamba hakuna mnunuzi.

"Punguza bei," alisema mtu.

Akapunguza. Hakuna mnunuzi. Akapunguza tena, na kila alipopunguza, nambari ilishuka chini ya alipofika, kama mtu anayemfukuza kuku aliyefunguka. Akalitafuta kundi la Wateule amuulize Daktari. Kundi halikuwapo. Hata gari jekundu halikuwapo.

Mwanasha ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Bei isiyo na mnunuzi ni kelele za binamu tu."

Hapo wivu wote uliokuwa umelala ndani ya Abdulrahim ulisimama mara moja. Akamgeukia Nassir na kidole kimemtangulia. "Ni wewe. Ulitazama simu yangu hukusema mashallah. Ni jicho lako lililoniangusha. Tangu uweke vile vigae vyako unataka mtaa mzima ukuinamie."

Watu walitazama panga la Nassir. Nassir alilitazama pia, kana kwamba anashangaa kuliona, akalichomeka ardhini. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa simu yake, akaifungua, akamwonyesha. Ilikuwa ni Tarvik Madini. Nyekundu ile ile.

"Na mimi nilidhani ni jicho lako," alisema.

Nazi moja ilianguka yenyewe, pu.

"Siku ile niliona kijani kwenye simu yako," Nassir aliendelea. "Nikaona kofia, nikaona kahawa ya bure, na baraza langu tupu. Nikasema, kwa nini yeye? Nikatafuta, nikaingia. Nimeuza pikipiki."

"Daktari kakwambia ufanye mazoezi," alisema Kombe pole pole, akianza kuelewa.

"Daktari huyo huyo," Nassir alijibu.

Abdulrahim alikaa chini, kwenye makuti. Alikuwa akihesabu si fedha bali siku: ile kijani ya mwisho, kabla ya nyekundu, ilipanda wakati Nassir alipoanza kwenda kazini kwa miguu. Faida aliyokuwa akiitazama ilikuwa pikipiki ya jirani yake. Na labda kabla ya hapo ilikuwa ng'ombe wa mtu wa Kinango, na cherehani ya mama fulani wa mbali, kila mmoja amefunga mlango wake, amenyamaza kama alivyofundishwa.

"Lakini ulianza wewe," alisema kwa unyonge. "Uliniambia riziki iko kwenye simu. Vigae ulivinunuaje?"

Nassir alipangusa uso. Alitazama watu wa mtaa wake, mmoja mmoja, wote waliowahi kukalia maua yale ya buluu.

"Sikuvinunua. Hoteli ilivunja vyoo vyake vya zamani. Ni vigae vya chooni. Niliona haya kusema."

Kombe alikitazama kikombe alichokuwa amekishika, akakimwaga taratibu.

"Ungeniita kushuhudia rehani," Nassir alimwambia Abdulrahim, "ile pikipiki ningeiuza nikaikomboa hii minazi. Wallahi ningeikomboa. Ungenilipa pole pole."

Abdulrahim alijua ni kweli. Mtu aliyekuja na kandambili moja kuilinda minazi isiyo yake, asingeshindwa kuuza pikipiki.

Idi ilifika. Mzee Shutu alingoja hadi watu wamalize kusali na kula, kwa heshima, kisha akaja na karatasi yake. Hakufanya dhuluma. Alichukua kilichoandikwa. Abdulrahim sasa anakwea minazi ile ile aliyokuwa akiikwea, ila analipwa ujira, na akimaliza anazipanga nazi kwenye gari la mwingine. Nassir anakwenda Diani kwa miguu, na kweli amepungua tumbo. Mabaraza yote mawili yako tupu: la saruji kwa sababu hakuna kahawa ya bure, la vigae kwa sababu mnazojua. Watu wanakaa kwa kinyozi, na mada mnaifahamu.

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, Abdulrahim aliukwea mnazi wa kitovu chake akaangua dafu moja. Mzee Shutu alimwambia alichukue tu. Abdulrahim alikataa, akatoa fedha mfukoni, akalipa. Akalichonga, akampelekea mamake aliyekuwa kitandani, uso ukutani.

Bi Maimuna aliketi. Alilipokea dafu, akalipima uzito kwa mikono.

"Umeomba au umenunua?"

"Nimenunua, Mama."

"La ule mnazi?"

"La ule."

Alikunywa hadi nusu, taratibu, bila kumtazama. Kisha akamrudishia.

"Maliza," alisema. "Usimwage. Ni ghali hilo."

MAFUNZO

Watu wa Bongwe, tusitoke hapa tukisema hisa ni haramu. Wapo watu wanaonunua hisa za kampuni zinazojulikana, kupitia mawakala wenye leseni, na wanalala usingizi. Tunachosema ni hiki: hisa ya bei ya kaimati ambayo huijui inafanya nini, wala iko wapi, wala nani anaisimamia, haikuwa ya bei rahisi kwa bahati tu. Mara nyingi ni rahisi kwa sababu haina thamani, na anayeipigia kelele mtandaoni alikwisha jaza ghala lake zamani, na anatafuta wa kumuuzia. Wewe ndiye soko lake. Ukiona haraka nyingi, ukiona watu wanasifu na hakuna anayeuza, kumbuka binamu wa Fondo. Kabla ya kuuliza itapanda hadi wapi, uliza nikitaka kutoka, nani atanunua kwangu. Na usiweke rehani kitu ambacho mamako anakunywa.

Lakini mafunzo makubwa ni yale ya ukuta mmoja. Tapeli alikuwa na video na gari la kuazima tu. Kilichobaki tulimpa sisi: wivu wetu ulimletea wateja, na siri yetu ikamlinda. Laiti wanaume wawili wangeulizana kwa sauti, juu ya kahawa, mbele ya Kombe, mambo yangekwisha kabla ya kikombe cha pili. Neema ifiche ukitaka, lakini usiifiche hesabu. Anayekukataza kumwambia jirani anajua jirani atakuuliza swali.

Na jirani akiweka vigae vipya, mwambieni mashallah, kisha muulizeni alikovitoa. Nanyi wenye vigae, jibuni.